Waliolala Hapa Jana

Kazi yangu ni kuchora mapaa ya watu. Majirani zangu wa pale ploti ninapopanga chumba, Kitale, walisikia hivyo wakadhani mimi ni fundi wa mabati, na sikujisumbua kuwarekebisha, maana hata waliponiuliza walikuwa wakitembea. Ukweli ni kwamba kutwa nzima naketi mbele ya kompyuta, mbele yangu kuna picha iliyopigwa na setilaiti, na kila nikiona paa naweka alama. Mabati mapya yanang'aa. Mabati ya kutu yana rangi ya udongo. Paa la nyasi hutaliona kabisa kama hukulelewa chini yake. Mradi wetu unashughulikia Trans-Nzoia na Bungoma pamoja, kwa sababu maji machafu hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho, na shabaha ni moja tu: kipindupindu kikilipuka, watu wa afya wajue waende kwa nani kwanza.

Paa peke yake halisemi kitu. Kwa hivyo wahudumu wa afya ya jamii wanapita boma kwa boma na simu walizopewa na mradi, wanaandika nani anaishi pale, ana umri gani, anateka maji wapi, kama kuna mtu wa kumbeba mgonjwa hadi barabarani. Wakishatuma, ile alama yangu inapata rangi. Kijani ni boma lenye watu wa kutosha, wenye nguvu zao. Manjano ni la kuangaliwa. Nyekundu ni mzee au mgonjwa anayeishi peke yake, na siku ya dharura mhudumu anatakiwa kufika kwa nyekundu kabla hajafika kwingine kokote.

Mimi mwenyewe sina rangi. Siku ramani ilipoanza kufanya kazi kila mtu ofisini alikimbilia kutafuta kwake, na mimi nikatafuta kwangu. Nikaona paa refu la ploti, na juu ya chumba changu kitone cheupe. Naishi peke yangu, ndiyo, lakini sijazeeka vya kutosha na siumwi. Mume wangu alikuwa mtu wa Moi's Bridge, wazazi wake walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati, na alipofariki wakwe zangu hawakunifukuza, haki ya Mungu hawakunifukuza. Waliendelea kuniwekea chai. Ila kila nikiingia sebuleni mazungumzo yalishuka, na mtoto wa kunishikilia pale sikuwa naye, basi nikatafuta chumba mjini. Tangu hapo napika ugali wa mtu mmoja. Jaribu siku moja uone: unga ukipungua kidogo ni uji, ukizidi kidogo utakula kiporo mpaka keshokutwa. Jioni nafunga mlango mapema nasikiliza redio za watu kupitia ukutani. Kuna Jumatatu nimefika ofisini, nikafungua mdomo kusalimia, sauti ikakataa kutoka, kwa sababu sikuwa nimeongea na mtu tangu Ijumaa.

Tuna pia ramani ya simu. Kampuni za simu zinatuletea miraba tu, hakuna jina wala namba. Mraba wenye simu nyingi unakolea rangi, wenye chache unapauka. Inasaidia kujua watu wamejaa wapi, soko gani, matanga gani. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu wa kuangalia mraba wa kwetu, chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili. Desemba unakolea kama chai iliyosahauliwa motoni. Watu wametoka Nairobi, Mombasa, kila mahali, wamekuja kula Krismasi. Mwaka mpya ukiingia unapauka tena, na mimi najua mahali fulani katika ule weupe kuna simu ya kabambe ya mama yangu, imechajiwa kwa jirani, na wa kuipigia ni mimi tu.

Mwaka jana walinituma Bungoma mjini kuwafunza wahudumu. Ukumbi ulijaa, kina mama na lesso zao, wanaume na koti za kanisani, na mimi mbele na kipaza sauti ambacho kilikuwa kinakwaruza. Niliwaambia hivi: msiulize "mko wangapi hapa". Kwetu watoto hawahesabiwi kama kuku. Mama akitoa idadi anaogopa amewaitia balaa, atakudanganya na wala hatajisikia vibaya. Ulizeni, "Nani alilala hapa jana?" Halafu aseme jina moja moja, mwandike. Walicheka. Mmoja akauliza, ati na kama aliyelala ni mpango wa kando? Nikamwambia kama alikunywa maji ya hiyo nyumba, mwandike, kipindupindu hakiulizi cheti cha ndoa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilirudi Kitale siku hiyo nimejaa maneno, nikakosa wa kumhadithia.

Mvua ya masika ilipokaribia, mkubwa wetu ofisini, dada mmoja mdogo kwangu kwa miaka mingi lakini kichwa anacho, aliniambia nikague upande wa Kimilili kabla ramani haijapelekwa kwa watu wa dharura. Nikaanzia sokoni nikapanda kuelekea mlimani. Nikafika kwetu. Boma letu ni rahisi kulitambua: mapaa matatu yanang'aa, yamezunguka moja la kutu. Yale matatu ni ya kaka zangu. Wa kwanza yuko Nairobi, wa pili bandarini Mombasa, wa tatu alienda Uarabuni. Kwetu mwanamume asipojenga nyumbani ni aibu, hata kama halali humo, kwa sababu siku akifa, mwili wake utapumzishwa wapi? Kwa jirani? Kwa hivyo wanajenga, wanatia kufuli, wanarudi mjini. Lile la kutu ndilo la mama, naye mama ni mjane, ana miaka yake themanini na kitu, anaishi pale peke yake. Setilaiti haioni kufuli. Boma lote lilikuwa kijani.

Nilidhani nimekosea. Nikabonyeza. Wakaazi: mama. Kaka wa Nairobi. Kaka wa Mombasa. Kaka wa Uarabuni. Mdogo wetu, kitinda mimba, ambaye tulimzika hapo hapo nyuma ya migomba miaka mingi iliyopita. Na mwisho kabisa, jina langu.

Nilicheka, kwanza. Halafu nikaenda chooni nikalia, sitaficha. Hakuna karatasi nyingine duniani ambayo mtu ameniandika kwamba naishi naye.

Nikamweleza mkubwa wetu. "Si ubadilishe tu hapo," akasema. "Ni kwenu, unajua." Ati nibadilishe tu hapo! Sisi wenyewe tuliweka sheria kwamba boma halibadilishwi ofisini. Lazima mhudumu asimame pale, na mwenye boma awepo. Na nilijua maana ya ile kijani kuliko yeye. Kijito cha kwetu kinapita chini ya vyoo vya watu kabla hakijafika kwa mama, na maji ya kunywa anateka hapo. Ugonjwa ukija, mhudumu angezunguka kwa wazee wote wa kijiji, akamwacha mama yangu wa mwisho, kwa sababu ati ana vijana watatu wa kumbeba. Mtu wa umri huo akiharisha, asubuhi hadi jioni inatosha kummaliza.

Nilimpigia mhudumu wa pale. Tulisoma naye shule ya msingi, boma lake linapakana na letu, kwa hivyo sikumsalimia hata.

"Wewe unajua kabisa mama anaishi peke yake! Si moshi wa jikoni kwake unaingia kwako?"

"Dada, ningefanya aje sasa?" akaniambia. "Mayi mwenyewe, mama yako, amesimama mbele yangu, anataja watoto wake. Nimwambie hapana, hawa hawapo? Atasema nawatakia nini?"

Mimi ningekuwa yeye ningeandika vile vile, kwetu huwezi kumwambia mzazi wa mtu kwamba watoto wake hawapo. Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi na ile simu yake, nitakuwepo.

Nilifika Ijumaa jioni. Mama alinishika mikono yote miwili, akaniuliza ya Kitale, akaniuliza kama wakwe zangu hawajambo, kama vile bado naishi nao. Tulikula, tukalala kitanda kimoja, maana dada halali katika nyumba ya kaka yake aliyeoa, hata kama huyo kaka hajaiona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Alilala akiwa amenigusa mguu na mguu wake wenye baridi. Miaka mingi sikuwa nimeguswa na mtu nikiwa usingizini, na nilikaa vile vile bila kujigeuza.

Kulipokucha nikamwona akifungua fundo la lesso akitoa funguo. Akaenda nyumba ya kwanza, akafungua, akafagia ndani, akaacha mlango wazi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Nikamwuliza anafanya nini.

"Nimeamsha nyumba," akasema. "Jioni nitafunga. Mtu akipita barabarani akiona milango wazi anajua hapa kuna watu."

"Kila siku, mama?"

"Wewe unaamka siku ngapi kwa wiki?"

Mhudumu akaja, tukasalimiana, mulembe, mulembe, akapewa chai. Nikaona anageuza kikombe mkononi bila kunywa, nikajua mimi ndiye wa kuanza. Nikamweleza mama kwa lugha yetu, polepole, kwamba kuna ramani, kwamba mvua ikija na ugonjwa wataenda kwanza kwa wazee walio peke yao, kwamba yeye ameandikwa yuko na watu wengi.

"Niko nao," akasema.

"Mama, wanauliza waliolala hapa jana."

"Jana ndiyo nini? Jana ni siku moja. Nyinyi mnahesabu watu kwa siku moja?"

"Na marehemu, mama? Hata yeye ulimwandikisha."

Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Huyo ndiye hatoki kabisa. Hao wengine wanakwenda na kurudi. Huyo yuko hapo, mchana na usiku. Ukitafuta aliyelala hapa jana, wa kwanza ni huyo."

Mhudumu akainamisha kichwa. Mimi hasira zikanipanda, na hasira zangu huwa hazibishi hodi. Nikamwambia mama, ugonjwa ukija watapita lango lako! Watapita, umesikia? Wataona kijani waende kwa mwingine, na utakufa hapa kwenye sakafu na hayo mabati yote yanang'aa!

"Basi wapite," akasema. "Wapite wakijua ni boma la mwanamke aliyezaa. Umetoka Kitale kuja kuniambia niseme sina watoto? Watu wa huko barabarani wasikie hivyo? Hata baba yenu alipokufa sikukaa peke yangu, nilikaa na nyinyi."

Wueh. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka katika nyumba ya kaka wa Nairobi, hakuna wa kuwafukuza. Nikamwambia sasa kwa sauti ya chini kwamba sitaki aseme hana watoto. Nataka tu mtu aje kumwona. Nikamwambia mimi usiku kule Kitale sipati usingizi mvua ikinyesha, nikijua ni mvua hiyo hiyo inamnyeshea, na nikimpigia simu imezima. Huo ulikuwa ukweli mtupu na alijua ni ukweli, kwa sababu alitazama pembeni.

Akachukua ufagio. "Fanyeni kazi yenu," akasema, akaanza kufagia ua, na ua ulikuwa umefagiwa tayari.

Mhudumu akanipa ile simu. Vidole vyake ni vya jembe, akasema, wewe ni wa kompyuta, bonyeza. Nikamtoa kaka wa Nairobi. Simu ikauliza kama nina hakika. Ndiyo. Nikamtoa wa Mombasa. Nina hakika? Ndiyo. Wa Uarabuni, ndiyo. Mdogo wetu nilimfungua nikaona waliandika na umri wake, ule umri angekuwa nao leo kama angekuwa hai, mama alikuwa anauongeza mwaka kwa mwaka. Nilibonyeza ndiyo haraka kabla sijafikiria.

Nikabaki mimi na mama.

Ufagio ukasimama. "Huyo mwache hapo alipo," mama akasema, kwa mhudumu, si kwangu. "Usimguse. Huyo amelala hapa jana. Si mnataka wa jana? Mwulize. Tulilala naye kitanda kimoja."

Mhudumu akacheka kidogo kama aliyetuliwa mzigo, akasema, "Kweli, dada. Kwa sheria wewe uko ndani."

Na kwa sheria nilikuwa ndani. Swali ni lile nililolifundisha mwenyewe Bungoma mjini mbele ya ukumbi mzima. Nani alilala hapa jana? Mimi. Lakini nilikuwa najua hesabu za ile ramani. Mama na binti mwenye nguvu zake, wawili, ni manjano. Manjano ni ya kuangaliwa. Hakuna anayekimbilia manjano. Na mimi jioni nitakuwa Kitale, nafunga mlango wangu mapema.

Mama alikuwa ananitazama. Sijui nieleze vipi alivyonitazama. Alijua tayari, na bado alikuwa anangoja.

Nikabonyeza jina langu. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Alama ya boma letu ikazunguka kidogo, mtandao ulikuwa mbaya, halafu ikawa nyekundu. Mhudumu akasema asante. Mama akarudi kufagia.

Aliniaga vizuri, sitasema hakuniaga. Alinipa ndizi na mayai yamefungwa kwa majani. Ila hakuniuliza nitarudi lini, na huwa anauliza.

Mvua ilikuja vibaya. Maji yalifunika njia, vyoo vikafurika, na kabla mahindi hayajafika magotini tukapata habari za watu wanaoharisha huko chini ya mlima. Ofisini tulikaa na ramani yetu mchana kutwa, mkubwa wetu amevua viatu, anasoma majina ya vijiji kwenye simu. Alipotaja chetu nilisimama nikaketi tena. Nilimpigia mama, imezima. Nikampigia mhudumu, hashiki. Hiyo siku niliangalia kile kitone chekundu mpaka macho yakaniuma, na mimi ni mtu wa kanisa lakini sikuomba kitu cha maana, nilikuwa nasema tu, fika, wewe, fika.

Alifika. Alianzia kwa mama, kama ramani ilivyomtaka, hakupita hata kwake kubadilisha viatu. Alikuta milango mitatu imefungwa na saa ile ilitakiwa iwe wazi, akasukuma mlango wa mama, akamkuta chini, midomo imekauka, hana nguvu ya kuinua kikombe. Akampa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akapiga simu, majirani wakambeba hadi barabarani na kumpeleka hospitali, Lugulu. Daktari alisema wangechelewa mpaka jioni tungekuwa tunaongea mengine. Mkubwa wetu aliposikia alinikumbatia ofisini mbele ya watu wote. "Unaona?" akasema. "Unaona kazi yetu?" Nilikuwa naona.

Nilifika Lugulu siku ya pili. Walinipulizia dawa viatuni, nikanawa mikono kwa maji yenye harufu kali, nikaingia. Mama alikuwa amekaa, amejifunika shuka mpaka kifuani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipomshika mkono hakuutoa. Nikalia, na yeye akaniambia ninyamaze, watu wananiangalia. Nilifurahi mno kugombezwa.

Muuguzi akaja, msichana mpole, na simu kama zile zetu. Alitaka maelezo ya mtu wa kufuatiliwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani. Aliinama karibu na sikio la mama, akamwita nyanya kwa lugha yetu.

"Kukhu, nyumbani unaishi na nani?"

Nilingoja aanze kuwataja. Nilikuwa hata nimejiandaa kumweleza yule msichana, kwa tabasamu, kwamba wengine wako mbali.

"Niko peke yangu," mama akasema.

"Huna watoto, Kukhu?"

"Ninao. Lakini niliambiwa hao hawaandikwi."

Muuguzi akageuka akanitazama, nimeshika mkono wa mgonjwa wake, machozi hata hayajakauka. "Na huyu ni nani?"

Mama alinitazama uso mzima, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kulipa swali jibu sahihi.

"Huyu," akasema, "ni wa Kitale."